Siku Tisa za Mama Shahla

Watu wakitaka kunifariji huniambia, "Fundi Mizhir, ajali haina kinga." Wakome! Ajali ile ilikuwa na kinga, tena kinga yenyewe nilikuwa nayo mfukoni mwa shati: bisibisi ya tesita, yenye taa ndogo kichwani, ambayo hata mtoto wa shule anaijua. Unagusa waya, taa ikiwaka unaondoa mkono. Miaka ishirini na sita nimetengeneza viyoyozi hapa Basra, na bisibisi ile nilikuwa naitumia kufungulia chupa za soda. Basi mtu asinieleze habari za kinga.

Niseme kwanza jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi, maana kosa letu ni la hapa kwetu, na sidhani kama kuna mji mwingine wa watu wenye akili timamu wanaolifanya. Umeme wa serikali kwetu huja na kuondoka kwa ratiba, saa mbili upo, saa mbili haupo, na ratiba hiyo tunaijua kuliko saa za sala, Mungu atusamehe. Kila mtaa una jenereta kubwa la mtu binafsi, na kila nyumba hununua kwake umeme kidogo, wa taa, feni na friji. Kiyoyozi hakiwekwi kwenye jenereta, kinakula umeme mwingi mno. Mlangoni kwa kila mtu kuna swichi ya mkono: juu serikali, chini jenereta, katikati hakuna kitu.

Kwa hiyo sisi mafundi wa viyoyozi tulikuwa hatuzimi kitu chochote. Tulikuwa tunangoja ukatike. Ukishakatika tunasema "haya, umelala huo," tunapanda paani na kuingiza mikono. Mwenye nyumba akigeuza swichi kwenda kwenye jenereta apate feni, na ageuze, sisi yatuhusu nini? Kiyoyozi hakiko huko. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafundisha wengine, na kila aliyetaka kupima nilimcheka mbele ya watu.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Chasib, mtu wa ukoo wetu, mume wa mdogo wangu Nadhima. Mrefu, miguu kama ngazi, anaimba vibaya na hakuna wa kumnyamazisha. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Nilimwoza dada yangu mimi mwenyewe, baba yetu alipokuwa ameshafariki, na sikujuta hata siku moja. Nyumbani kwao kulikuwa na watoto wanne na kicheko kisichoisha.

Siku ile ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Agosti, joto nyuzi hamsini, unyevu wa Ghuba umetuangukia, shati halikauki mgongoni. Aliyetuita alikuwa Mama Shahla, wa mtaa wa Jumhuriya. Mume wake, Baba Shahla, hushinda bandarini Umm Qasr akirudi jioni, na yeye hubaki nyumbani na binti yake na mama mkwe asiyeweza kuondoka kitandani kwa ugonjwa wa mapafu. Kiyoyozi kilichoharibika kilikuwa cha chumba cha yule bibi.

"Karibuni, mafundi, karibuni upesi," alisema mlangoni. "Mama yangu anaiva mle ndani kama samaki wa kuchoma."

"Usijali," Chasib alisema, "tutamtoa kabla hajakamuliwa ndimu."

"Wewe! Shika adabu yako, ni mama yangu yule." Lakini alikuwa anacheka, na kutoka chumbani bibi naye alicheka mpaka akakohoa.

Tulipanda. Umeme wa serikali ulikuwepo bado. Chasib alifungua kifuniko cha mashine ya paani, akanusa.

"Kompresa imechoma vishikio vyake vya waya," alisema. "Hii, shemeji, imekufa kwa njaa. Imepewa umeme mdogo mpaka ikajikaanga yenyewe."

"Umeme wa serikali siku hizi ni kama chai ya msibani," nikamwambia. "Rangi ipo, majani hakuna."

"Basi ni kama wewe siku ya kulipia chakula cha mchana. Upo, haupo."

Tukacheka. Nilipaswa kuacha kucheka na kujiuliza: umeme mdogo kutoka wapi? Nyumba za jirani zote zilikuwa zinapata umeme huohuo wa serikali na viyoyozi vyao vinanguruma. Mashine ilikuwa inatuambia wazi kwamba haili chakula kimoja na wenzake. Sikia sasa kile ambacho hatukukijua: wiki mbili kabla ya siku ile, Baba Shahla alikuwa amenunua kwa mwenye jenereta ile wanayoiita laini ya dhahabu, isiyozimwa usiku wala mchana, ili mama yake apumue. Akamwita kijana wa jenereta, wakahamisha waya wa kiyoyozi kile kimoja kutoka upande wa serikali wakauweka upande wa jenereta, ili kiwake swichi ikiwa chini. Mkewe siku hiyo alikuwa hospitali na mama mkwe. Mume hakumwambia, naye hakujua umeme wa kiyoyozi unatoka wapi.

Saa nane kamili umeme ukakatika. Mtaa mzima ukanyamaza, kisha tukasikia jenereta la mtaani likikohoa na kuwaka. Mlangoni pa nyumba ile swichi ilikuwa bado juu, upande wa serikali, yaani upande uliokufa.

"Haya, umelala huo," nikasema.

Tuliosha mashine kwa mpira wa maji, maana vumbi lilikuwa limeganda kama mkate. Chasib alivua ndara zake akasimama pekupeku kwenye maji, raha tupu. Halafu alitoa umeme uliobaki kwenye kapasita, kwa bisibisi yenye mpini mrefu, huku amegeuza uso pembeni. Kapasita alikuwa anaiogopa kuliko alivyomwogopa marehemu mama yetu. Hilo ndilo lililonichoma baadaye: alijilinda na kile kidogo tulichokijua. Akapiga magoti majini akaanza kufungua vishikio vilivyoungua.

Mimi nilikwenda kwenye ngazi kuchukua vishikio vipya kwenye sanduku. Nikiwa pale, sauti ya Mama Shahla ikapanda kutoka chini.

"Fundi Mizhir! Mama hapumui vizuri. Nigeuze kwenye jenereta apate feni, au mnafanya kazi?"

Aliuliza. Mungu ni shahidi yangu, na ni shahidi juu yangu pia. Aliuliza vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuniuliza katika kazi hii, na mimi hata sikuinamisha kichwa kumtazama.

"Geuza tu, Mama Shahla! Sisi hatuko huko!"

Nikasikia tak ya swichi. Kisha nikasikia wimbo wa Chasib umekatika katikati ya neno.

Nilikimbia. Alikuwa amejikunja juu ya mashine, mkono mmoja ndani na mwingine umeshika bati, mwili wote unatetemeka bila sauti. Sikumgusa, hilo nililijua. Nilipiga kelele, "Zima! Rudisha katikati! Zima!" na yule mama alizima mara moja, sidhani kama zilipita nukta kumi na tano. Chasib akaanguka kwenye maji. Nilimkandamiza kifua juu ya paa lile la moto, nikahesabu, nikampulizia pumzi, nikamtukana, nikamwita kwa majina ya watoto wake. Majirani walikuja wakamshusha kwa blanketi. Wakati wanamshusha, macho yangu yaliuona waya mpya mwekundu ukitoka kwenye mashine ukiingia upande wa jenereta. Nikaelewa yote palepale.

Hospitali walisema alifika ameshakufa.

Ukumbini alikuja Haji Dakhil, kaka mkubwa wa Chasib, mtu mwenye sauti ya kukohoza farasi. Alinishika kola.

"Nani aliwasha?"

Na mimi nikasema, "Mwenye nyumba. Mwanamke."

Ni kweli au si kweli? Ni kweli. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kusema kweli na akawa mwongo mkubwa kuliko wote. Niliona tu uso wa Nadhima akiingia kwenye ukumbi ule, buibui limemwanguka mabegani, ananitazama mimi niliyemwoza, na nikaogopa. Nikasema nitasema kesho. Kesho nayo ikaniogopesha vilevile.

Jioni hiyohiyo vijana wa ukoo wetu walikwenda Jumhuriya wakaandika kwa rangi nyekundu ukutani kwa Baba Shahla: INADAIWA NA UKOO. Kwetu nyumba ikishaandikwa hivyo haiuzwi, haipangishwi, na jirani hapitishi salamu. Baba Shahla akamchukua mkewe usiku akampeleka kwa kaka zake mji wa Zubair, "mpaka mambo yatulie." Binti yao Shahla alikwenda na mama yake. Wazee wakaomba siku za kusubiri, zikatolewa tisa, halafu pande zote zikae.

Kwenye matanga mimi nilikaa na wanaume, lakini sauti ya Nadhima niliisikia kutoka hema la wanawake.

"Mungu amkaushe mkono wake! Mungu amfanye aombe maji asipate! Alishindwa kuvumilia joto nusu saa? Nusu saa, jamani! Kwa feni amenifanya mjane!"

Wanawake wote wakaitikia amina. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila amina ile ilikuwa inaniangukia mimi, na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa napokea pole, watu wananishika bega, "Fundi, umempoteza ndugu." Wenyewe husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimembebesha mama wa watu jiwe langu, na nikawa nalala. Ndiyo, nilikuwa nalala! Naona haya kusema, lakini nililala.

Siku ya tano simu ikalia. Namba siijui.

"Fundi Mizhir?"

Niliitambua sauti. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya gari.

"Ni mimi. Usikate, tafadhali, kaka yangu, usikate. Sitaki kitu. Nataka kukuuliza neno moja tu."

"Uliza."

"Nilikuuliza au sikukuuliza?"

Nikatazama hema kama kuna anayenisikia.

"Maana mimi najua nilikuuliza," alisema. "Nilisimama kwenye ngazi, mkono wangu huu kwenye ukuta, nikakuuliza, na wewe ukanijibu. Lakini kila mtu hapa ananiambia sikuuliza. Mume wangu anasema ningeuliza fundi asingenikubalia, fundi mzima wa miaka yote hiyo. Kaka zangu wananiambia pengine uliuliza moyoni. Nimeanza kujiambia labda kweli ni moyoni. Sili, silali, fundi. Niambie tu. Hata usimwambie mtu, niambie mimi peke yangu, nijue kama nina wazimu au sina."

Angalia alichoomba. Hakuomba nimtetee. Aliomba masikio yake mwenyewe arudishiwe.

"Mama Shahla," nilisema, "maji yalikuwa yanapiga kelele paani. Sikumbuki."

Kisha akasema, "Basi samahani kwa usumbufu," na akakata simu.

Nilitia simu mfukoni. Halafu nikarudi ndani ya hema, maana chakula kilikuwa kimetengwa.

Siku hizi nabeba kufuli dogo la shaba. Nafunga swichi, ufunguo natia mfukoni mwangu, napima waya, napima tena, kisha namwomba mwenye nyumba aje aone kwa macho yake kabla sijagusa. Wenzangu sokoni wananiita mlinzi wa benki. Waniite. Kufuli lile lilikuwa linauzwa duka la tatu kutoka kwangu miaka yote, na halikuwa na maana yoyote machoni pangu mpaka Chasib alipozikwa.

Siku ya kikao ilifika. Tulikaa asubuhi na mapema kwenye ukumbi wa wageni wa ukoo wetu, wanaume sitini hivi, migongo ukutani, na katikati Sayyid Nuri, mzee wa kupatanisha. Kahawa chungu ilimiminwa kwenye vifinjani ikawekwa mbele ya wageni, na hakuna aliyegusa, maana desturi ni kwamba hainywewi mpaka neno limepatikana. Baba Shahla alikaa na amu yake. Pembeni walikaa kaka watatu wa Mama Shahla. Mkubwa wao ni mwalimu, mtu mpole, alikuwa anatazama zulia kana kwamba ameandikiwa kitu pale.

Haji Dakhil alisema maneno yake. Damu ya Chasib, watoto wanne, ujane. Alitaka fidia ya ukoo na alitaka yule mwanamke asikanyage Basra tena.

Amu yake Baba Shahla akakohoa. "Haji, haki yako iko juu ya vichwa vyetu. Lakini mwanamke yule tumeshamrudisha kwao. Talaka yake inaandikwa Jumapili. Akishaachika si wetu. Damu waulizwe ndugu zake."

Mwalimu akainua kichwa. "Dada yangu amekaa kwenu miaka kumi na saba," alisema. "Amemwogesha mama yenu kwa mikono yake. Leo ndiyo si wenu?"

"Mikono hiyohiyo ndiyo iliyowasha," akajibiwa.

Nilimtazama Baba Shahla. Yeye anajua, nikawaza. Anajua nani alihamisha waya. Alikuwa anachezea tasbihi, jasho linamtoka, hasemi kitu. Na mimi nilikuwa nachezea tasbihi, jasho linanitoka, sisemi kitu. Nikajiona kama nimewekewa kioo mbele, na nikachukia nilichokiona mpaka nikasimama bila kujua kwamba nimesimama.

"Aliniuliza," nikasema.

"Kaa chini, Mizhir," Haji Dakhil alisema. "Tunajua uchungu wako."

"Huujui! Aliniuliza! Alisimama kwenye ngazi akauliza, nigeuze au mnafanya kazi, na mimi nikamwambia geuza. Mimi! Sikupima, sikuzima, sikuangalia waya unakwenda wapi, nilitegemea ratiba kama mjinga. Na alinipigia simu kuniuliza nikamwambia sikumbuki, na nilikuwa nakumbuka kila herufi. Mkono uliowasha ni wake, lakini neno ni langu. Kama mnataka mtu wa kufukuza Basra, mimi huyu hapa."

Kisha Baba Shahla, bila kuinua uso, akasema kwa sauti ndogo, "Waya niliuhamisha mimi. Nilisahau kumwambia."

"Umesahau siku tisa?" nikamuuliza.

Na mimi mwenyewe ni nani wa kumuuliza?

Nilingoja kupigwa. Wallahi nilitaka kupigwa. Haji Dakhil alikuja mpaka mbele yangu, macho mekundu, nikafumba macho yangu. Badala ya kofi nikasikia mikono yake ikinikumbatia.

"Wewe ni wetu," alisema, na analia. "Ndugu hamdai ndugu damu. Imeandikwa."

"Kadari," akasema Sayyid Nuri.

"Kadari, kadari," wakaitikia ukutani pote.

Basi likaisha! Robo saa haikufika. Talaka ikafutwa, rangi ya ukutani ikaamriwa ipakwe chokaa, wakanyanyua vifinjani wakanywa kahawa yao iliyopoa. Yule mama alipokuwa ndiye mkosaji walitaka fidia, talaka na kufukuzwa mjini. Nilipokuwa mkosaji mimi, ikawa imeandikwa na Mungu. Nilitazama nyuso zile za wanaume wenzangu nikaona aibu kuwa mmoja wao. Mwalimu peke yake ndiye ambaye hakunywa. Aliweka kifinjani chini, akaniangalia kwa muda, akatoka na ndugu zake kwenda kumwambia dada yao.

Nadhima alikuwa kwangu, anakaa eda yake chumba cha nyuma. Habari zilimfikia kabla yangu. Kwetu habari hazingoji gari. Nilimkuta amekaa sakafuni na mtoto wake wa mwisho amelala mapajani. Nilipiga magoti.

"Nadhima, nilimuua Chasib. Si kwa kukusudia, lakini…"

"Nimesikia," alisema. Hakupaza sauti. "Kaka, mmefanya kazi hiyo miaka yote na Chasib naye alikuwa hapimi. Yeye si mtoto. Aliingia majini pekupeku kwa miguu yake. Hilo nitalia nalo mimi na Mola wangu."

Nikaanza kumshika mkono. Akauondoa.

"Lakini mimi nimemlaani yule mama siku tisa. Mbele ya wanawake wa mtaa mzima, mchana na jioni. Nimemwombea mkono ukauke. Wewe ulikuwa hema la pili unanisikia. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Uliniacha niseme."

"Niliogopa, Nadhima."

"Uliogopa nini? Kwamba nitakuchukia?" Alimlaza mtoto kwenye godoro, akasimama. "Leta gari. Unipeleke Zubair."

"Uko edani, huwezi kutoka…"

"Leta gari, Mizhir!"

Njia nzima aliketi kiti cha nyuma, buibui limemfunika mpaka kwenye nyusi. Nyumba ya mwalimu iko karibu na msikiti, mlango wa bluu. Nilizima injini nikafungua mlango wangu nishuke naye.

"Kaa hapohapo," alisema.

Aligonga. Mlango ulifunguliwa na Mama Shahla mwenyewe. Alikuwa amekonda, sikumtambua mara moja. Walitazamana wale wanawake wawili, mmoja mjane, mwingine nusura aachike, na mimi ndiye niliyewafikisha pale wote wawili. Nadhima aliinama akamshika mkono wa kulia, ule aliouombea ukauke, akaubusu, akauweka kichwani kwake. Sikusikia walichosema. Niliona Mama Shahla akimwinua kwa mabega yote mawili, kisha wakaingia na mlango ukafungwa.

Nilikaa garini. Jua lilipanda, kioo kikaungua, nikaona ni haki yangu. Baba Shahla alifika na gari lake akagonga mlango uleule. Ulifunguka kidogo, akaambiwa kitu, ukafungwa. Akasimama pale barabarani na ufunguo mkononi, kisha akaondoka. Hatukusalimiana.

Baada ya adhuhuri Nadhima alitoka peke yake akaja mpaka dirishani. Macho yalikuwa yamevimba lakini uso ulikuwa umetulia.

"Amesema amekusamehe," aliniambia. "Anasema aliposikia habari alilala saa nzima, usingizi wa kwanza tangu siku ile. Kwa mumewe atarudi akitaka mwenyewe, bado anafikiri."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikaanza kulia. "Mungu amjaalie. Alhamdulillahi, mdogo wangu."

"Yeye amekusamehe," alisema Nadhima. "Mimi sijaweza. Nenda zako nyumbani, fundi. Watanirudisha wao."

Huu ni mwaka wa tatu. Watoto wa Chasib wanakula kwangu, Nadhima ananifulia na kunipikia, na bado ananiita fundi.